Moshi wa Mwanzo

Mlango wa jiko la shule ulikuwa na urefu wa kumtosha mtu, lakini mpishi alitoka ndani yake kwa magoti. Kuanzia usawa wa kifua kwenda juu moshi ulikuwa umejaa kama pamba iliyoshindiliwa guniani, na aliyetaka kujua mlango uko wapi ilimbidi ashuke chini, ambako hewa kidogo ilikuwa imebaki. Alipofika nje alishika ukuta, akakohoa. Alikohoa mpaka kitambaa cha kichwani kikamwangukia mabegani. Akatema, akayatazama mate yake, akayafukia mchangani kwa kidole cha mguu.

"Dada, uji unaungua!" Mdogo wake alipiga kelele kutoka ndani.

"Si ukoroge! Mwiko huna?"

"Mwiko ninao. Sufuria ndiyo siioni!"

Wakacheka, mmoja nje, mmoja ndani ya moshi. Ulikuwa mzaha wao wa kila siku. Kisha akavuta pumzi kama mtu anayetaka kupiga mbizi, akarudi ndani.

Wanafunzi walimwita Mama Uji. Alikuwa amepika pale muda mrefu kiasi kwamba hata mwalimu mkuu, ambaye sasa alivaa tai na kuogopwa na shule nzima, aliwahi kuwa miongoni mwa watoto waliolamba vikombe na kurudi kwenye foleni wakijifanya hawajapata. Lakini hakuwa mwajiriwa kwa maana wanayoijua watu wa ofisini. Hakuwa na mkataba wala likizo. Akiumwa, siku hiyo ilikuwa yake na ugonjwa wake, si ya shule. Mume alikwisha kufariki, watoto hakujaliwa. Aliishi katika chumba cha uani nyumbani kwa mdogo wake, ambaye mumewe alikuwa fundi mwashi.

Mganga wa zahanati aliwahi kumwekea kipimo mgongoni, akasikiliza, akahamisha, akasikiliza tena.

"Mama, unavuta sigara?"

"Sijawahi hata kuishika."

"Unafanya kazi gani?"

Akamwambia. Mganga akavua kipimo masikioni. "Basi unavuta," alisema. Akamwagiza akae mbali kabisa na moshi. Mama Uji akashukuru kwa mikono miwili, akatoka, na njiani akapitia kwa muuza kuni kuchagua za kesho.

Shemeji yake fundi alikuwa mtu wa utani. "Shemeji," alikuwa akimwambia, "wewe siku ukifa hatuhangaiki kuzika. Tunakuweka tu darini. Umeshakaushwa, huozi." Naye Mama Uji alimjibu kwamba afadhali yeye aliyekaushwa kuliko fundi aliyelowa pombe za watu. Lakini vyumba vyao vilitenganishwa na ukuta mwembamba, na fundi alikuwa akimsikia akikohoa, kisha kitanda kikilia alipokuwa akijiinua kukaa, kwa sababu kulala chali kulikuwa kumemshinda. Utani ukaanza kumkwama kooni. Siku moja akaenda kwa mwalimu mkuu, akaomba matofali yaliyobaki wakati wa kujenga vyoo vya walimu. Mwalimu mkuu akasema chukua.

Fundi alifanya kazi wakati shule imefungwa mwisho wa juma. Alivunja meko ya mawe matatu, akajenga meko yenye kuta, akapandisha dohani ya kutolea moshi mpaka ikapita paa. Kwenye ukuta wa nyuma akatoboa dirisha. Mchanga aliununua mwenyewe na hakutaka kuulizwa.

Jumatatu waliwasha moto, wakasimama wote watatu wakitazama. Moshi ulijaa kidogo mbele ya meko, ukasitasita, kisha kama mtu aliyeitwa kwa jina ukageuka na kupanda. Mwanga uliingia dirishani. Ndipo wale dada wawili walipoona kwa mara ya kwanza rangi ya jiko lao: kuta nyeusi, zinang'aa, zina michirizi kama ngozi ya mamba. Mdogo mtu akamgeukia dada yake.

"Heh! Kumbe umezeeka hivyo?"

"Na wewe kumbe una ndevu."

Fundi alicheka mpaka akakaa chini.

Katika majuma yaliyofuata Mama Uji alilala kama watu wanavyolala. Kikohozi hakikuisha, lakini kilipungua makali. Akaanza hata kuimba jikoni, na kwa kuwa hakujaliwa sauti, mdogo wake alikuwa akimwomba moshi urudi.

*

Gari la halmashauri lilikuja asubuhi, wakati wa kugawa uji. Aliyeshuka kwanza alikuwa afisa nishati, mwanamume mwenye haraka ambaye ofisini walimwita Tumalize, kwa sababu kila mazungumzo aliyaanza kwa kusema "tumalize hili." Nyuma yake alishuka mtaalamu, dada kijana mwenye sauti ya upole na viatu vya safari. Mama Uji aliwafahamu wote wawili. Walikuwa wamewahi kuja kabla ya dohani, wakatundika kisanduku cha kupimia moshi juu ya meko, wakamwahidi gesi.

Habari ya gesi hiyo ilijulikana shule nzima. Kulikuwa na mpango uliosaidia halmashauri kuandaa miradi ya nishati safi mpaka ifikie hatua ya wenye mitaji kuweka fedha zao. Halmashauri hii ilichagua gesi itokanayo na vyoo vya shule na takataka za sokoni. Gesi ingeingia kwenye majiko ya shule, kuni zingeisha, na wapishi wangepumua. Jiko la Mama Uji ndilo lililochukuliwa kuwa jiko la mfano. Wakati huo alijiona ameokota dodo.

Tumalize hakusalimu. Alisimama uwanjani, kichwa ameinua, akiitazama dohani kama mtu aliyemkuta mwizi juu ya paa.

"Hiki ni nini?"

"Dohani, mheshimiwa," alisema Mama Uji, akifuta mikono. "Shemeji yangu ametujengea. Karibuni ndani muone, siku hizi kunaingilika."

Waliingia. Mtaalamu akatoa mfukoni kidude cha kupimia moshi, akakishika hewani, akakisoma. Akamwonyesha Tumalize. Tumalize akafumba macho.

Mwalimu mkuu aliitwa. Alikuja akivaa koti njiani.

"Nani aliruhusu hiki kitu?"

"Mimi, bwana afisa. Yalikuwa matofali tu yamekaa..."

"Yamekaa! Unajua tumefanya kazi muda gani kwenye andiko lile la mradi? Unajua ni halmashauri ngapi tunashindana nazo?"

Mwalimu mkuu akaangalia viatu vyake. Mama Uji alikuwa hajaelewa. Aliona tu kwamba wamekasirika, na kwa kuwa maisha yake yote watu wa namna ile walipokasirika kosa lilikuwa la mtu kama yeye, akaanza kuomba radhi kabla ya kujua kosa.

Mtaalamu alimshika mkono, akamvuta pembeni.

"Mama, nikueleze. Mradi huu unapimwa kwa moshi utakaouondoa. Tulipopima mwanzo, moshi wa hapa ulikuwa mwingi kuliko shule zote. Ndiyo maana tulikuchagua. Sasa wenye mitaji watatuma watu wao wapime tena kabla hawajakubali. Wakikuta moshi umeshapungua, watasema mradi hauna cha kuondoa."

"Lakini umepungua kweli."

"Ndiyo, mama. Tatizo ndilo hilo."

Mama Uji alimtazama usoni, akitafuta mahali pa kucheka. Hakupaona.

"Kwa hiyo mnataka moshi urudi."

"Hakuna anayetaka moshi, mama yangu. Tunataka hali ya mwanzo. Kwa muda tu. Wakishapima, wakishasaini, mnapata gesi, na dohani hutaihitaji tena."

"Na kifua changu nacho kirudi hali ya mwanzo?"

Mtaalamu akarudisha kidude mfukoni. Tumalize akasogea. "Tumalize hili. Mwalimu, zungumza na mtu wako."

Mwalimu mkuu alimpeleka nyuma ya jiko, palipokuwa na rundo la kuni. Alikuwa akiviringisha ncha ya tai kwenye kidole.

"Mama, unanijua. Nimekulia kwenye uji wako."

"Ulikuwa mwizi wa uji," alisema Mama Uji.

Mwalimu mkuu hakutabasamu. "Mama, kuna akina mama wanakuja getini kila asubuhi kuuliza kazi. Kila asubuhi. Nawarudisha."

"Unanifukuza?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema nini?"

"Nimesema wapo."

*

Fundi aliposikia alikataa. Alisema yeye anajenga, kubomoa watafute mwingine, na kwamba huyo Tumalize akija atamtia yeye kwenye dohani. Alisema mengi. Mkewe alimwacha aseme mpaka akachoka, kisha akamuuliza, kwa sauti ya chini, mara ya mwisho yeye kupata kazi ya ujenzi ilikuwa lini. Siku iliyofuata fundi alibeba nyundo.

Mama Uji alisimama chini kupokea matofali. Alitaka yapangwe vizuri, yasivunjike, kwa kuwa yangehitajika tena. Fundi aliyashusha moja moja bila utani. Dohani ilipokwisha kubomolewa aliziba dirisha. Tumalize, aliyekuja kusimamia, alitazama lile tope bichi kwenye ukuta mweusi, hakuridhika.

"Inaonekana mpya. Pakeni masizi."

Fundi alimtazama, kisha akachukua kiganja cha masizi chini ya sufuria, akapaka. Alipaka taratibu, kwa mkono mzima, mpaka pale palipokuwa na dirisha pakawa ukuta kama kuta nyingine.

Wale wa kupima walikuja, wakapima, wakaondoka wameridhika. Mama Uji akauliza kama sasa dohani inaweza kurudi. Akaambiwa bado, kuna wengine. Wakaja wengine. Safari hii walileta kidude cha kuvaa shingoni, chenye taa ndogo ya kijani, ambacho mpishi alitakiwa awe nacho tangu anapowasha moto mpaka anapouzima, ili ijulikane si moshi uliomo jikoni tu bali ule unaoingia kwa mtu. Alikivaa. Watoto walidhani ni simu. Mvua zikaanza, kuni zikalowa, moshi ukawa mzito na mchungu kuliko wa awali, na mtaalamu aliposoma kile kidude aliandika haraka haraka.

Siku waliyokuja wenye mitaji wenyewe, uwanja ulifagiliwa. Walikuwa watu wastaarabu. Mmoja wao, mzee mwenye kamera, alipoingia jikoni alitoka mara moja akiwa anatokwa na machozi, na haikujulikana ni ya moshi au ya huruma. Alizungumza na mtaalamu kwa lugha yao.

"Anauliza, ukipata gesi utajisikiaje?"

"Mwambie nitapumua."

Yalipotafsiriwa wote walitikisa vichwa, mmoja akaandika.

"Anaomba urudi ndani, halafu utoke, apate picha."

Alirudi ndani. Akatoka kwa magoti.

"Anaomba samahani, mama. Mara moja tena. Mwanga haukukaa vizuri."

Alirudi tena. Humo ndani kizunguzungu kilimpiga, akashika sufuria, akaungua kiganja, akatoka. Kwa kuwa wageni walikuwa mbele yake alibana kikohozi kwa kitambaa, kama alivyofundishwa na mama yake kutokohoa mbele za wakubwa. Tumalize akamwinamia sikioni.

"Usijizuie. Kohoa tu. Wewe ndiye mradi wenyewe."

Akakohoa. Hakuhitaji kujitahidi. Kilipoanza kilikataa kukoma, na yule mzee alipiga picha mpaka mwenzake alipomgusa bega kumwambia inatosha. Mdogo wake, akiwa mlangoni na mwiko mkononi, ndiye aliyekwenda kumwinua.

*

Alianguka muda si mrefu baada ya hapo, akiinua ndoo ya maharage. Zahanati ilimpeleka hospitali, hospitali ikamrudisha nyumbani na dawa za kuvuta mdomoni ambazo zilipokwisha hazikununuliwa nyingine. Pafu moja, walisema, halifanyi kazi kabisa, na la pili linajikokota. Akawa wa kukaa mlangoni mwa chumba chake, mikono juu ya magoti, akivuta hewa kwa mabega. Kutoka kitandani hadi bafuni ilikuwa safari ya kupumzika njiani.

Jikoni mdogo wake alipewa nafasi yake, na mmoja wa wale akina mama wa getini akapewa nafasi ya mdogo wake.

Mtaalamu alikuja kumwona. Alileta machungwa. Alikaa kwenye kigoda, akayamenya mwenyewe, akampa kipande kipande, na kwa muda wakazungumza kama mtu na mwanawe. Alisema ana mama wa umri kama wake. Alisema hapati usingizi. Kisha akayakusanya maganda, akafunga mfuko.

"Na kile kidude, mama. Unacho?"

Mama Uji alinyoosha kidole. Kilikuwa kinaning'inia kwenye msumari, juu ya kitanda. Taa yake ilikuwa imezimika.

"Utampa mdogo wangu?"

"Lazima avae mtu, mama. Vipimo visikatike."

"Moshi mliokuwa mnautaka... bado haujatosha?"

"Umetosha. Mradi wetu umekuwa wa kwanza kati ya halmashauri zote. Wameutangaza uko tayari."

"Tayari kwa nini?"

"Kuwekezewa."

Mama Uji alisubiri pumzi imrudie. "Basi mwambie shemeji arudishe dohani."

"Bado kidogo," alisema mtaalamu, naye hakumtazama. "Mpaka wasaini."

*

Wakasaini. Siku ya kuweka jiwe la msingi walimfuata kwa gari. Mdogo wake alimvisha nguo nzuri, fundi akambeba mgongoni mpaka barabarani, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi akatania kwamba shemeji amekuwa mwepesi kama gazeti. Shuleni alikalishwa kiti cha plastiki safu ya mbele, chini ya turubai. Wakubwa waliopita walimshika mkono. Picha yake, akitoka jikoni kwa magoti, ilikuwa imechapishwa kubwa kuliko mlango na kufungwa kwenye nguzo mbili. Aliitazama. Waliipendezesha, moshi ulionekana wa rangi ya samawati.

Mgeni rasmi alihutubia sana. Alisema halmashauri nyingine zije zijifunze hapa. Kisha akasema gesi ya mradi, kwa awamu ya kwanza, itauzwa kwa kiwanda cha sabuni kilichopo ng'ambo ya barabara. Majiko ya shule yatafikiriwa awamu inayofuata, hali itakaporuhusu. Watu walipiga makofi. Mdogo wake, aliyesimama nyuma na wapishi wa shule nyingine, alipiga pia, kisha mikono yake ikasimama hewani.

Mama Uji aligeuza kichwa. Mtaalamu alikuwa amekaa kiti cha tatu.

"Amesema nini?"

"Shule hazina uwezo wa kulipia gesi, mama," alinong'ona. "Wenye mitaji walitaka mteja anayelipa kila mwezi. Bila hivyo wasingekubali. Tulijitahidi. Naapa tulijitahidi."

"Lakini moshi ulikuwa wangu."

Mtaalamu alikuwa anasimama tayari, kwa sababu mgeni rasmi alikuwa anasimama, na kila mtu alipaswa kusimama. Mama Uji peke yake ndiye aliyebaki ameketi.

Fundi alipata kibarua kwenye mradi. Alichimba mtaro kutoka vyooni, ukakatiza uwanja, ukapita kando ya ukuta wa jiko, kuelekea kiwandani. Bomba lilipofukiwa akaenda kwa msimamizi wa ujenzi, kofia mkononi, kuomba ruhusa. Matofali yapo, alisema, amelala nayo rohoni. Dohani ataipandisha kwa siku moja, bila malipo. Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Alimpeleka pale, akamwonyesha bomba linakopita, akamweleza kwamba dohani hurusha cheche, na cheche juu ya njia ya gesi ni maafa. Dohani haiwezekani. Dirisha upande ule haliwezekani. Shule itakapopata fedha itahamisha jiko. Kwa sasa, moto ukiwashwa, mlango nao ufungwe cheche zisitoke, na atawekwa mlinzi wa kuhakikisha.

Mama Uji aliomba apelekwe akaone. Fundi alimbeba, akamketisha kwenye kivuli cha darasa, mbali kidogo na jiko, moshi usimsumbue. Watoto walikuwa wameanza kujipanga na vikombe vyao. Mlinzi, kijana mwenye sare mpya iliyomzidi, alimwona, akamsogelea, akainama kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Mdogo wake alipita na mzigo wa kuni kichwani. Kidude kilikuwa shingoni, taa yake ya kijani inawaka. Hakuna aliyekuwa amekuja kukichukua wala kumwambia akivue. Alimpungia dada yake mkono, akasema jambo la kuchekesha ambalo halikusikika kwa kelele za watoto, akainama, akamfuata mwenzake ndani. Mlinzi alimwachia nafasi, akauvuta mlango, akapitisha komeo kwa nje. Kisha akageuza kiti chake akauelekea, akakaa, akakunja mikono.

Moshi ulianza kutokea chini ya mlango, taratibu, ukitambaa juu ya miguu ya watoto. Mama Uji alivuta pumzi yake fupi, akaishika, asikilize. Kikohozi cha kwanza kilikuwa cha yule mwanamke wa getini. Cha pili alikijua.